Miti ya Ng'ambo ya Mfongo

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwa dada yangu Matilda,
Kirua Vunjo, Moshi

Dada, shikamoo.

Nakuamkia wewe kwanza, kisha shemeji, kisha watoto mmoja mmoja. Naomba barua hii iwakute wazima, na kifua cha shemeji kiwe kimetulia. Bado anakohoa asubuhi? Na yule ng'ombe mwekundu amezaa, au ndiyo anawadanganya tena? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa, ila joto la huku, ambalo nimelizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Ya mwili ni hayo. Ya moyo ndiyo yaliyonifanya nikae wiki tatu bila kukujibu, na najua umekwisha kumwambia mama kwamba mji umenimeza. Mji haujanimeza, dada. Nilikuwa najificha.

Tafadhali isome barua hii peke yako kwanza. Ukimaliza, msomee shemeji. Mama mtaamua wenyewe, maana yeye ndiye aliyenichinjia mbuzi.

Uliniandikia kwamba watu wa mabomba ya dawa walikuja Kirua, wakanyunyiza dawa ya buluu kwenye mikahawa ya watu wa chini, na walipofika darajani wakageuza gari. Ulisema ulimfuata karani wao ukiwa na jembe mkononi, ukamwuliza kwa nini hawapandi huku juu, naye akakufungulia orodha akakuonyesha kwa kidole kwamba watu wa juu hawana shida, karatasi imesema. Kisha ukaniandikia maneno ambayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo: "Wewe uliye kwenye ofisi ya makaratasi, hebu iulize karatasi yetu imeona nini."

Nimeiuliza, dada. Ni mwandiko wangu.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu nimekuwa nikijisifu kwenu kwa kazi hii muda mrefu bila kuwaambia ni kazi gani. Kila nilipokuja likizo nilikaa na miguu imekunjwa nikasema "mambo ya hesabu, hamtayaelewa." Mngeyaelewa vizuri sana. Mimi ndiye nilikuwa sitaki kuulizwa.

Ofisi yetu haiwezi kupima kahawa ya kila kihamba, shamba la kila nyumba, kuanzia Kibosho kwetu mpaka huko kwenu na kwingineko. Watu hawatoshi wala siku hazitoshi. Kwa hiyo wanapima vihamba vichache, na kutokana na hivyo wanajifunza habari za vingine vyote. Mkubwa wetu, Mzungu mmoja mrefu mwenye miwani ambaye sisi makarani tunamwita Bwana Mistari, huchukua karatasi kubwa ya viraba. Kila kihamba kilichopimwa anakitilia nukta moja: huku kiko juu kiasi gani mlimani, huku kimezaa kiasi gani. Nukta zikishajaa anatafuta mstari unaopita katikati yake vizuri kuliko mistari mingine yote, na kuutafuta huko si kwa macho, ni kwa hesabu ndefu ambazo sisi tunazikokotoa siku nzima kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa mashine unakuotesha sugu kiganjani, usidhani ni jembe peke yake. Mstari ukishapatikana, wanaweza kusema habari za kihamba ambacho hakuna aliyekikanyaga: kiko hapa mlimani, basi kahawa yake itakuwa hivi. Pale ambapo mstari unashuka, wanajua pana ugonjwa au udongo umechoka, na huko ndiko dawa inakopelekwa kwanza.

Sasa wewe utauliza, hivyo vichache vinachaguliwaje? Hapo ndipo penyewe. Vinachaguliwa kwa kura. Pana kitabu ofisini chenye kurasa za tarakimu tupu zilizotawanyika, hazina mpango hata kidogo, na humo ndimo zinamotolewa namba za vihamba, na ndani ya kila kihamba namba ya mti wa kupimwa. Mama anajua jambo hili kuliko Bwana Mistari. Anapotaka kuonja mbege ya sokoni, huwa hachoti ya juu. Anakoroga mpaka ulezi wa chini upande, ndipo anapochota. Kura ndiyo kule kukoroga. Mpimaji akichota anapopenda yeye, au anapopenda mwenye nyumba, ameonja ya juu tu, na watu watakunywa kitu kingine.

Nilifundishwa hivyo wiki nzima pale Moshi kabla hawajanikabidhi mkoba na mizani. Nikaapa nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa, hilo ndilo linaloniuma.

Unaikumbuka siku niliyokuja kwako na mkoba ule? Kura ilikuwa imeangukia kihamba chenu, nami nikafurahi, nikasema leo nitakula kwa dada. Lakini wewe hukunipokea kama Aloisi mdogo wako. Ulinipokea kama mtu wa serikali. Ulikuwa umefagia njia yote mpaka kwenye masale ya mpakani, umefua kitambaa cha kigoda, mtori wa ndizi ulikuwa jikoni. Shemeji alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali kule Mawenzi, hawezi hata kukaa wima, na bado mlikuwa mmemvalisha koti lake la kanisani ili anisalimie. Koti lile lilikuwa limemlegea mabegani.

Nikatoa karatasi ya namba. Nikahesabu miti kuanzia mlangoni, kwa mzunguko, kama nilivyofundishwa. Mti wa kumi na saba ulikuwa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Niliuona tangu nikiwa upande huu wa maji: majani yana madoa ya manjano, mengine yamepukutika, matawi yamebaki kama vidole, hayakupogolewa kwa sababu wa kuyapogoa alikuwa amelala na kifua. Na jirani zake wote walikuwa vivyo hivyo. Nilipoinua mguu nivuke, ulinishika mkono wa shati, ukacheka kile kicheko chako cha aibu.

"Pima hii ya hapa mbele," ukasema. "Kule hakuna kitu cha kumwonyesha mgeni."

Dada, nasema mbele ya Mungu, sikulaumu kwa hilo. Ni nani kwetu anayempitisha mgeni kwenye migomba iliyooza? Tangu tukiwa wadogo Kibosho tumefunzwa kwamba mgeni haonyeshwi udhaifu wa kihamba, na mgeni mwenye adabu haombi kuuona. Wewe ulifanya linalofanywa na kila mke mwenye nyumba. Mimi ndiye niliyekuja na karatasi. Nami nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikachuma mti ule ulio karibu na jiko, unaokula majivu na mbolea ya ng'ombe kila siku, mti mnene kama padri. Nikaupima kwa mizani ya kweli, nikaandika ratili za kweli kabisa, kwenye mstari wa mti wa kumi na saba.

Kisha nikakaa nikala mtori, nikaongeza na mara ya pili.

Tangu siku hiyo mkono ulizoea. Kila kihamba nilichoingia kule juu, mwenyewe ananitangulia na panga, ananipeleka kwenye miti yake ya fahari, nami namfuata kama mwana-kondoo. Kwa mzee mmoja mti wangu wa kura ulikuwa nyuma ya zizi, umekauka, naye akasimama mbele yake akautandia blanketi lake nisiuone, nami nikajifanya sijauona. Nilikuwa nikijiambia kwamba nawasitiri watu. Nilijiona kijana mwenye heshima, si kama wale wapimaji wa sehemu nyingine waliokuwa wanagombana na wenye vihamba mpaka mmoja akamwagiwa maji ya kuoshea vyombo. Mimi nilipewa mbege kila nyumba. Niliondoka Kirua nimenenepa.

Na sikiliza lililofuata. Hesabu zilipofika Dar es Salaam, Bwana Mistari akazitazama nukta za wapimaji wote. Za wengine zilikuwa zimetawanyika kama mtama uliomwagiwa kuku. Zangu za Kirua zilikuwa zimejipanga vizuri, zote juu, zote karibu karibu, kama watoto wa mafundisho wakisubiri baba askofu. Akauliza aliyepima huku ni nani. Wakasema ni fulani. Akasema huyu ni mwangalifu, mleteni ofisini. Ndivyo nilivyopata kazi hii, dada. Ile barua ya wito ambayo mama aliipeleka mpaka kwa padri ikasomwe mara ya pili, ilitoka kwenye mti ule wa jikoni kwako.

Mbuzi akachinjwa. Mbege ikapikwa. Nami nikasimama mbele ya wajomba na koti jipya nikawaambia hesabu haina uongo, hesabu haijui ndugu. Nikikumbuka maneno yale sasa, hata nikiwa peke yangu chumbani, najifunika uso kwa shuka. Shemeji naye alikuwepo, amekuja kwa mkongojo, akapiga makofi.

Barua yako ilipofika sikuwa na shaka hata kidogo. Nilingoja wenzangu watoke kwenda kula, nikafungua kabati la Kilimanjaro, nikaitoa ile karatasi ya viraba. Mstari unapanda vizuri ukifika Kirua ya juu. Umepandishwa na nukta zangu. Na haukuwaangusha ninyi peke yenu, maana mstari unasemea hata vihamba ambavyo sikuvikanyaga, kuanzia darajani mpaka msituni. Watu wote hao wamepitwa na dawa kwa sababu nilikuwa na adabu.

Siku ile sikula. Nikakuandikia barua ya kwanza, nikasema "nitafuatilia, dada, mambo ya serikali ni ya polepole." Nikaifunga, nikabandika na stempu. Nikaenda nayo posta nikasimama mbele ya sanduku, nikarudi nayo nikaichana. Ya pili nilisema karani wa mabomba ndiye aliyekosea. Hiyo nayo nikaichana. Ofisini nilikuwa nazungusha mashine na kukosea, mpaka Idi akaniuliza kama nina homa. Idi ni karani mwenzangu, mtoto wa Moshi mjini, baba yake ni seremala karibu na soko. Tangu nilipofika huku ananiita Mpimaji Mkuu kwa utani. Nikamwambia ni homa.

Lakini uliandika kwamba shemeji anataka kuikata miti yote ya ng'ambo ya mfongo apande ndizi peke yake, na kwamba ile ya mbele nayo imeanza madoa. Ile ya mbele. Hata ule wa jikoni, nadhani, ingawa hukuutaja. Nikaona nikiendelea kukaa kimya mpaka mvua za masika, hapatakuwa na kitu cha kunyunyizia. Jumatatu asubuhi nikapiga moyo konde nikaingia kwa Bwana Mistari.

Ulimi ulikuwa mzito kama nimetafuna ndizi mbichi. Nikamwambia ile Kirua siyo. Akaniuliza siyo vipi. Nikamweleza yote, mfongo, karatasi mfukoni, mtori, mzee na blanketi. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akauliza ni vihamba vingapi nilivyofanya hivyo. Nikamwambia sikumbuki, Bwana, ni kila mahali waliponikaribisha vizuri.

"Na wapi hawakukukaribisha vizuri?" akauliza.

"Hakuna, Bwana," nikasema. "Ni watu wa Kirua."

Angenipigia kelele ningepumzika. Hakupiga. Alichukua kalamu nyekundu akazikata nukta zangu moja moja, zote, pole pole, na mimi nimesimama. Zilipokwisha, upande ule wa karatasi ulibaki mtupu na mstari hauna pa kuegemea. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kupinda, kwamba mpimaji mvivu anayejitungia namba humkamata, kwa sababu namba za kutunga zina dalili zake. Zangu hazikuwa na dalili. Zilikuwa miti ya kweli na ratili za kweli, ila si miti aliyoiuliza. Akasema, "Mimi nilikusifu." Maneno mawili hayo, dada, na akageukia dirishani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Hawajanifukuza. Wameniondoa kwenye mashine. Sasa napiga mistari ya viraba na kutia nukta wanazonisomea wengine, kazi wanayopewa wanaoanza. Likizo yangu ya Krismasi imefutwa, kwa hiyo mama asinitazamie, na wewe ndiye utakayemwambia, nisamehe kwa mzigo huo. Idi haniiti tena Mpimaji Mkuu. Ameanza kuniita kwa jina langu, kwa upole, na upole huo unanichoma kuliko utani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo barua hii yote imeandikwa kwa ajili yake.

Kirua ya juu itapimwa upya mavuno haya haya, vihamba vile vile, namba zile zile, kwa kuwa hazikuwahi kutumika. Bwana Mistari hakuahidi dawa. Alisema tu kwamba karatasi ikisema kweli, orodha itaandikwa upya kabla ya masika. Anayekuja kupima ni Idi. Ni mtu mwema, ni Mwislamu, usimpe mbege, mpe maziwa, lakini umpe akishamaliza kupima. Nakuomba, dada, akishamaliza. Chakula kikitangulia hatavuka mfongo. Mimi ndugu yako sikuvuka.

Usifagie njia. Usimvalishe shemeji koti, mwache akae na blanketi lake. Idi akitoa karatasi yake, usimtangulie. Mwache ahesabu. Akifika kwenye mfongo, na najua mkono wako utataka kumshika shati, mtilie ubao avuke. Mpeleke mwenyewe kwenye mti wa kumi na saba. Mwinulie matawi yale aone vizuri. Najua ninachokuomba. Nakuomba ujiaibishe mbele ya mgeni ili ufute aibu yangu, na sioni njia nyingine. Na uwaambie majirani wa juu, hasa yule mzee wa zizi. Waambie ni mimi niliyewaponza. Litaje jina langu, usinisitiri. Tumesitiriana vya kutosha.

Jambo jingine dogo. Kwetu mtu aliyekosa hupeleka jani la isale lililofungwa fundo, na aliyekosewa akiliona hawezi kukataa kusamehe. Mimi huku nilijua sitalipata. Ijumaa nilikuwa nafuta vumbi kwenye ukumbi wa mbele wa ofisi, nikaona lipo, limepandwa kwenye chungu mlangoni kwa Bwana Mistari kama ua. Amekaa nalo miaka yote hiyo, hajui ni kitu gani. Nikamwomba jani moja. Akaniuliza la nini. Nikamwambia ni la dada yangu. Akalikata mwenyewe kwa kisu cha kuchongea kalamu. Limo humu ndani ya bahasha. Litakufikia limekauka, na fundo nililolifunga si zuri, maana sikuwahi kulifunga mwenyewe.

Nisalimie mama, umwambie goti lake alipake yale mafuta niliyomtumia asiyafiche kabatini. Msalimie mjomba mkubwa wa Kibosho, aliyenitungia jina la Mwana Hesabu, umwambie alirudishe kwa muda. Wasalimie shangazi wa kanisani na mke wa kaka. Watoto wako waambie mjomba wao anawapenda. Shemeji mwambie nampa pole, na asiikate miti ile kwanza. Imsubiri Idi aje aione.

Usijisumbue kunijibu kwa maneno. Nukta za Kirua zikifika, mimi ndiye nitakayesomewa nizitie kwenye karatasi, na namba ya kihamba chenu naijua kwa moyo. Nukta yenu ikianguka chini kabisa, mbali na nyingine zote, peke yake pale kwenye viraba vitupu, nitajua kwamba isale limepokelewa.

Ni mimi mdogo wako niliyekula mtori mara mbili,

Aloisi